Kalamu ya Tumbo na Kitambaa cha Maji

Wadogo zangu mnaobaki kwenye meza zile, siku ya kuagana mliniomba niwaandikie juu ya mapenzi yangu kwa kalamu za wino. Mmoja wenu alitaka hata kuichukua ile yangu aiweke kwenye kabati la kioo, watu waje kuitazama. Nilicheka tu, kwa sababu nilikuwa nimeshiba pilau lenu na sikutaka ubishi. Sasa niko nyumbani Mjimwema, nimeketi, na jibu langu ni kwamba mapenzi hayo sina. Mke wangu amesonga ugali kwa mwiko tangu nimjue, na sijamsikia hata siku moja akisema anapenda miko. Mimi na kalamu tuko hivyo hivyo. Nilitakiwa kuandika, nikashika kitu kinachoandika.

Lakini kazi ninaweza kuwaelezea. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na vilichelewa. Mshahara pia tuuache. Nitawaeleza nilivyoanza, aliyenifundisha, vyombo tulivyotumia, na jambo moja ambalo sikuwahi kumwambia mtu mpaka mwezi uliopita. Wajerumani wamekwisha kuondoka, waliohusika wengi wamelala makaburini, na mimi mwenyewe sina tena ofisi ya kufukuzwa. Ni raha kubwa kuwa mtu asiyeweza kufukuzwa.

Nilifika Songea kwa miguu kutoka kwetu Tunduru, nyuma ya msafara wa wapagazi, nikiwa na mkeka, kanzu mbili na barua ya shule. Herufi za Kiarabu nilizijua tangu chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Herufi za Kizungu nilifundishwa pwani, kwenye shule ya Serikali, ambako mwalimu alitupiga vidole kila mstari ulipopanda mlima. Kwa hiyo nilijiona nimeiva. Boma lilikuwa na kuta nene na bendera, na chumba cha makarani kilikuwa upande wa kivuli.

Humo ndani alikuwamo Mzee Sefu, karani mkuu, mtu wa Kilwa, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba bila kuinua kichwa, akasema, "Lete mkono."

Nikampa. Aliugeuza huku na huku, akatazama vidole, kisha akaniambia, "Mkono wa mtu anayebana kalamu sana. Utachoka kabla ya adhuhuri. Kaa pale."

Alisema kweli. Siku ya kwanza nilichoka kabla ya adhuhuri.

Vyombo vya ofisi vilikuwa hivi. Kulikuwa na kalamu za kuchovya, kijiti chenye ncha ya chuma, unachovya kwenye kidau, unaandika maneno matano au sita, unachovya tena. Wino wake tuliuita wino wa serikali. Ukiandika leo ni hafifu, rangi ya moshi, mpaka mgeni anadhani umemdanganya. Kesho yake umekuwa mweusi, umeingia ndani ya karatasi, na hata ukimwagia maji hautoki wote. Daftari zote na hati zote ziliandikwa kwa wino huo, na Mzee Sefu hakukubali mjadala.

Kisha kulikuwa na shinikizo. Ninyi mna taipureta na karatasi ya kaboni, hamjui taabu. Shinikizo lilikuwa chuma kizito chenye gurudumu juu yake. Barua yoyote iliyotoka bomani ilipaswa kuacha nakala kwenye kitabu chenye karatasi laini kama ganda la kitunguu. Unalowesha kitambaa, unakikamua, unakilaza juu ya ile karatasi laini ili ipate unyevu, unaondoa kitambaa, unaweka barua chini yake, unafunga kitabu, unazungusha gurudumu, unasubiri. Ukifungua, karatasi laini imenyonya wino kidogo na maneno yako yamehamia humo. Siri yote ilikuwa kwenye kitambaa. Kikiwa kikavu, hupati nakala. Kikiwa na maji mengi, unaharibu nakala na barua yenyewe.

"Weka shavuni," Mzee Sefu alinifundisha. "Ukihisi baridi, sawa. Ukihisi maji, kamua tena. Mkono unadanganya kwa sababu umezoea maji. Shavu halijazoea."

Niliona aibu kuweka tambara shavuni mbele ya askari waliokuwa wakipita mlangoni. Nikakisia kwa mkono. Barua ya kwanza niliyoshinikiza ilikuwa ya Bwana Mkubwa mwenyewe, mkuu wa boma, kurasa mbili kwenda pwani. Nilipofungua kitabu, maneno yalikuwa yameogelea. Mistari ya juu ilikuwa imeshuka chini kuwatembelea wenzao. Nilisimama pale nikaanza kufikiria njia ya kurudi Tunduru.

Mzee Sefu alikuja, akatazama, akavuta kiti. Akachukua karatasi mpya akaiandika upya barua yote, kurasa mbili, bila kuuliza wala kusita, kisha akampelekea Bwana Mkubwa atie sahihi tena, akisema ameangusha kidau. Aliporudi nilimuuliza amewezaje.

"Kilichopita mkononi hakinitoki," alisema. "Na wewe utakuwa hivyo, nimeuona mkono wako. Lakini usimwambie mtu. Wakijua, watakufanya kitabu, na kitabu hakipewi likizo."

Maneno hayo yashikeni, nitayarudia.

Kalamu mnayoitaka kabatini niliipata mwaka wa pili. Alikuja Mzungu mpima ardhi, akakaa bomani wiki kadhaa akichora mito yetu. Huyo ndiye aliyependa kalamu. Alikuwa na sanduku lenye kitambaa laini ndani, na humo kalamu saba za wino zimelala kama watoto. Kila alasiri alizitoa barazani, akazifungua, akazisugua, akazitazama kwenye mwanga, akazirudisha, na kazi yake yote akaiandika kwa penseli. Mimi nilidhani ana homa. Mzee Sefu akaniambia nimwache, kila mtu ana ugonjwa wake.

Siku ya kuondoka alinipa moja. Ilikuwa imechubuka ubavuni, akasema haifai tena sandukuni. Kalamu hiyo ilibeba wino wake yenyewe. Unaifungua kiunoni, unaijaza kwa kibomba cha kioo, tone kwa tone, unaifunga, na unaandika nusu ya siku bila kidau. Askari waliiita kalamu ya tumbo, na jina likakaa.

Tabia zake nitawaambia, maana mwenye kabati hatawaambia. Wino ukibaki kidogo, joto la mkono linausukuma, na tone linaanguka katikati ya jina la mtu mkubwa. Ijazeni ikifika nusu, msingoje iishe. Msimwazime mtu anayebana. Na msitie wino wa serikali ndani yake. Mimi nilitia. Uliganda kooni, nikashinda siku tatu nikiisafisha kwa maji na unyoya wa kuku. Baada ya hapo nikawa ninanunua unga wa wino wa zambarau kwenye duka la Mhindi, unachanganywa na maji, mwepesi, unapita vizuri. Ubaya wake ni mmoja. Ulikuja kwa maji na uliondoka kwa maji. Tone la mvua likiangukia neno, neno halipo.

Kwa hiyo tukawa na utaratibu. Ndani ni kidau na wino mweusi. Nje barazani, ambako hakuna meza na watu wanasema upesi, ni kalamu ya tumbo na wino wa zambarau. Ukishamaliza nje unaingia ndani, unaandika upya kwa wino mweusi, unaichana ile ya zambarau. Hayo ndiyo mapenzi yangu na kalamu, yote nimeyamaliza.

Wakati huo nilikuwa nimeoa. Mke wangu, ambaye wote mnamwita Mama Hawa, ni Mngoni wa upande wa Lumecha. Kaka yake mkubwa aliitwa Fusi, na yeye ndiye aliyesimama mahali pa baba yao aliyekwisha kufariki. Nilipokwenda kuposa, Fusi alinitazama mikono kama Mzee Sefu, ila yeye hakuona kitu cha maana.

"Mkono huu haujalima," alisema.

"Ninaandika, mlamu."

"Mahindi yanaota kwa kuandikwa?"

Alinikubali hata hivyo. Akaja yeye mwenyewe kutuezekea nyumba, kwa sababu mimi nilipopanda juu nilitoboa paa. Hawa alipozaliwa, alitembea siku nzima na kibuyu cha maziwa, akakiweka mlangoni, akampakata mtoto, akanywa uji, akarudi kwake. Nilimpenda mtu yule. Siandiki hivyo kwa kupamba.

Vita ilipokuja, mimi nilikuwa ndani ya boma na yeye alikuwa nje. Mengine mmesimuliwa na wazee wenu na wanajua zaidi yangu, maana mimi niliyaona kwa tundu la dirisha. Fusi alikunywa maji ya vita, alipewa kama wenzake, akaamini kama wenzake, akaja na mkuki kama wenzake. Wengi alioondoka nao nyumbani hakurudi nao. Baadaye wakubwa wa Wangoni walikamatwa na wakanyongwa hapa hapa. Hilo linajulikana na makaburi yapo. Karatasi zilizowahusu zilipita kwenye meza yetu, na baadhi niliziandika mimi, kwa wino mweusi, kwa mwandiko mzuri. Sikufanya lolote. Niliandika nilichosomewa, nikaenda nyumbani, nikala nusu ya chakula. Lazima niseme hilo kabla sijasema lingine.

Baada ya hapo ikaja zamu ya wadogo. Akida mmoja kutoka upande wa mashariki, jina lake halina haja, alifika bomani asubuhi moja akasema anawajua wazee na vijana waliokuwa wakigawa maji kwa wengine na sasa wamejificha porini. Bwana Mkubwa alikuwa anamtayarishia safari pamoja na kikosi kilichokuwa kikienda Liwale, na akida alitakiwa kuwa kiongozi wa njia. Kila mtu alikuwa na haraka. Bwana Mkubwa akaamuru nichukue majina barazani, karatasi iende siku ile ile kwenye kituo cha askari kule njia ya Namtumbo, wakawatafute mmoja mmoja na kuwaleta.

Walioletwa kwa orodha kama ile tulikwisha kuwaona. Hawakurudi nyumbani.

Niliketi kwenye kigoda, ubao magotini, kalamu ya tumbo mkononi. Akida alisimama akitaja majina huku akila muhogo wa kuchoma. Alitaja jina, jina la baba, na kijito alichokaa mtu huyo. Wengine niliona wazi anawataja kwa ugomvi wa mashamba, kwa jinsi alivyotafuna. Mimi mkono ulikwenda tu. Jina la kumi na moja akasema, "Fusi, yule wa Lumecha, mwenye kovu la paja."

Nikaliandika. Ninyi mtauliza kwa nini sikuliruka. Akida alikuwa amesimama begani kwangu akisoma kila herufi, na askari wawili walikuwa wanatutazama. Lakini hata bila wao ningeliandika. Mkono wa karani umefundishwa kutosita. Nilikuwa nimekwisha kuandika jina la kumi na mbili ndipo nikasikia nilichokiandika.

Majina yalikuwa kumi na tisa. Bwana Mkubwa alitoka akiwa anavaa glavu. Nikasimama nikasema, "Bwana, nitaandika upya ndani kwa wino wa serikali."

"Hakuna nafasi," alisema. "Shinikiza nakala, ipeleke. Tarishi anangoja." Akatia sahihi juu ya ubao niliokuwa nimeushika, kwa kalamu yangu, bila kusoma jina hata moja. Kisha akaondoka kwenda kukagua kikosi, na akida akamfuata akijifuta mdomo.

Niliingia chumbani na orodha ile. Mzee Sefu alikuwa amekwenda msikitini. Ndoo ya maji ilikuwa mahali pake chini ya shinikizo, na kitambaa juu ya ukingo. Nikakitumbukiza. Nikakitoa. Nikaanza kukikamua kama nilivyofanya kila siku kwa miaka, na mikono ikasimama katikati.

Nilikiweka shavuni. Maji yalitiririka mpaka shingoni yakaingia ndani ya kanzu. Nilijua, basi. Sikuwa nimekosea kipimo. Shavu liliniambia, nami nilisikia.

Nikakirudisha ndooni, nikakitoa kikiwa kinachuruzika, nikakilaza juu ya karatasi, sikukiondoa, nikaweka orodha juu yake, nikafunga kitabu, nikazungusha gurudumu mpaka likagoma. Maji ya zambarau yalitoka pande zote za kitabu, yakashuka mezani, yakadondoka kwenye miguu yangu. Nilihesabu mpaka mia. Nikafungua, nikaipindua orodha, nikafunga tena, nikabana tena. Nilipoitoa mara ya pili ilikuwa karatasi ya rangi ya ua, nzuri kabisa, na hakuna jina la mtu.

Mzee Sefu alinikuta nimesimama nayo. Alitazama karatasi, akatazama kitabu, akatazama miguu yangu. Akachukua kile kitambaa akakiweka kwenye shavu lake mwenyewe, polepole, akakaa nacho hivyo. Akakikamua ndooni mara tatu, kwa nguvu, akakitandaza kwenye ukingo, na ndipo Bwana Mkubwa akaingia akiuliza kwa nini tarishi hajaondoka.

Ukali wake sitausimulia wote. Aliuliza akida yuko wapi, akaambiwa kikosi kimekwisha kuvuka kijito na kimetangulia, naye hakutaka kukirudisha. Akamgeukia Mzee Sefu.

"Ni kosa lake la siku ya kwanza, Bwana," alisema Mzee Sefu kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na mwanafunzi. "Kitambaa. Nilidhani limekwisha kumtoka."

Bwana Mkubwa akaja usoni pangu. "Majina uliyaandika wewe. Yataje. Sefu ataandika."

Hapo ndipo palikuwa pagumu, kuliko shinikizo. Majina yote kumi na tisa yalikuwa yamepanga mstari nyuma ya meno yangu, na baba zao, na vijito vyao. Nyuma yake nilimwona Mzee Sefu akichovya kalamu, tayari, macho kwenye karatasi. Yeye peke yake duniani alijua ninaweza.

"Siyakumbuki, Bwana," nilisema. "Karani anaandika anachosomewa. Hakikai."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Alimtazama Mzee Sefu. "Ni kweli? Makarani hawakumbuki?"

Mzee Sefu aliweka kalamu chini. "Bwana, wangekumbuka, tungenunua daftari za nini?"

Nilipigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, uwanjani, mbele ya watu, kwa uzembe wa kuharibu karatasi ya serikali. Viboko nilivihesabu vyote ili kujua vinaisha lini, na havikuwa na haraka. Sitasema havikuuma. Lakini nilipolala kifudifudi pale, nilikuwa na furaha ya ajabu ambayo niliogopa itaonekana usoni, na nikashukuru kwamba uso ulikuwa kwenye mchanga.

Akida alikaa huko alikokwenda zaidi ya mwezi. Katikati ya mwezi huo njaa ilikuwa imeshika nchi, mashamba hayana mtu, na amri ikaja kutoka pwani kwamba anayejitokeza mwenyewe na kutoa silaha yake apewe cheti, arudi kulima. Akida aliporudi alitaja orodha nyingine. Mzee Sefu ndiye aliyeiandika. Bwana Mkubwa aliitazama, akauliza inasaidia nini sasa, akaitia kwenye mtoto wa meza.

Wakaanza kuja. Waliokuja walikuwa wamekonda, mnaweza kuwahesabu mbavu kwa mbali. Niliandika vyeti barazani, na mara hii nilibeba meza nje, na kidau, na wino wa serikali. Watu walinicheka kwamba karani amepigwa mpaka amejifunza. Niliacha wacheke. Siku ya nne akasimama mbele yangu mtu mrefu mwenye kovu la paja, akaweka mkuki chini.

Hatukusalimiana kindugu, askari walikuwepo. Nilimuuliza jina kama simjui. Nikaandika. Alipopokea cheti alikigeuza, akakisogeza machoni, akanong'ona, "Mlamu, mbona hafifu? Umenipa moshi?"

"Kaa nacho mpaka kesho," nilimwambia. "Kitakuwa cheusi."

Kesho yake alipita nje ya boma makusudi, akakiinua juu nikione kutoka dirishani. Kilikuwa cheusi kabisa. Nilitoka nje kama mtu anayekwenda kujisaidia, nikaenda nyuma ya ukuta, nikalia.

Yaliyofuata ni kazi ya kawaida. Mzee Sefu alirudi kwao Kilwa miguu ilipomshinda. Siku ya kuondoka aliniachia kile kitambaa, kimekunjwa vizuri, akasema, "Kimekauka," akapanda machela. Hatukuwahi kulizungumza jambo lile, na hilo ndilo neno pekee alilosema juu yake. Kisha vita ya Wazungu wao kwa wao, Waingereza wakaja, shinikizo likatupwa uani, taipureta ikaingia. Kalamu ya tumbo niliendelea nayo kwa barua za nje. Ncha yake bado nzima.

Fusi alikufa mwaka juzi, kitandani mwake, akigombana na mkwewe juu ya mbegu za kupanda. Nilikwenda kwenye matanga. Kwenye kopo lake la ugoro walikuta cheti, kimekunjwa mara nne, kila neno linasomeka. Nilimwona Mama Hawa akikishika, nikataka kusema, nikashindwa. Kwa miaka yote hiyo sikuogopa Wajerumani tu. Niliogopa ajue kwamba jina la kaka yake niliwahi kuliandika mimi, kwa mkono wangu, bila kusita.

Mwezi uliopita, siku moja baada ya sherehe yenu, nilimkuta uani akipepeta mahindi. Nikakaa kwenye kinu nikamwambia yote, tangu muhogo wa akida mpaka kwenye mchanga wa uwanjani. Ungo ulikuwa ukienda hivyo hivyo, haukusimama.

Nilipomaliza akasema, "Nilijua."

"Nani alikwambia?"

"Kanzu yako. Kila siku ulirudi na zambarau kidole kimoja. Siku ile ulirudi na zambarau mpaka kwenye viwiko, na miguuni, na mgongo umepasuka, na unacheka. Nikafua, nikanyamaza. Wiki ile tulisikia akida amewataja watu, na askari hawakuja." Akapuliza makapi. "Mlongo wangu alikunywa maji ya vita, hayakumsaidia. Ya ndoo yako yalimsaidia. Mimi nilikuwa ninangoja tu useme."

Nikamuuliza kama hana hasira kwamba niliandika.

"Uliandika, ukafua," alisema. "Wengine waliandika tu."

Niliona kifua kimefunguka, kama mtu aliyetua mzigo wa kichwani na shingo bado haiamini. Nikadhani yamekwisha. Lakini aliweka ungo chini, akaniuliza, "Mlongo wangu alikuwa mmoja. Wale wengine walikuwa nani?"

Sikuwa nimeyatamka majina yale tangu siku ile, hata peke yangu. Nilianza la kwanza, na baba yake, na kijito chake. Likaja la pili. Alikuwa akikunja vidole, na kwa kila jina alisema alivyomjua, huyu alipata wajukuu, huyu ndiye aliyemzaa fundi seremala wa Bombambili, huyu bado yuko hai ila haoni. Nikafika la kumi na moja, akakunja kidole, nikaendelea. Sikusita hata mahali pamoja. Nilipomaliza la kumi na tisa jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa uwanja, naye alikuwa ananitazama.

"Na ulimwambia Mzungu huyakumbuki," alisema.

"Nilimwambia hata moja."